Kompaila ya Ajono

Malaba, 9 Februari 2025

Yoga, Asekenye,

Nimeua kompaila. Ukiondoa hiyo "yoga" yetu ya Kiteso, nakuambia kabla ya salamu ili usisome barua nzima ukidhani mambo ni mazuri.

Ijumaa baada ya chakula ofisi yetu ya malori hapa mpakani ilikuwa shwari, nikafungua Ajono nirekebishe lile neno "rudia" tulilobishania mpaka ukanirushia kalamu. Nilibadilisha mistari minne tu. Halafu nikaiamuru kompaila ijitengeneze upya, kama tulivyofanya mara mia. Sikuweka nakala. Ile mpya ikakaa mahali pa ile ya zamani, na ile mpya ni kiziwi na bubu. Ukiipa programu yoyote, inanyamaza.

Wewe unajua maana yake, lakini wacha niiandike, kwa sababu hapa sina wa kumweleza. Kompaila ni mkalimani wetu: inapokea maneno ya Ajono, inatoa lugha ya mashine. Na sisi kwa kiburi chetu tuliiandika kompaila yenyewe kwa Ajono. Kwa hiyo maandishi yake ninayo yote, mistari elfu mbili na mia tatu, na hakuna kitu duniani kinachoweza kuyasoma. Nimefungia ufunguo ndani ya nyumba. Nilimweleza Mzee Arnold, bosi wangu, naye akauliza, "Sasa malori yatapita?" Nikamwambia yatapita, hayahusiani. Akasema, "Basi hiyo si shida, Emorut, wewe kunywa chai."

Ile kompaila ya kwanza kabisa, iliyozaa hizi zingine, uliiandika wewe kwa mkono mwaka wetu wa mwisho chuoni, namba kwa namba, kwenye daftari. Daftari lilinyeshewa, najua. Lakini kichwa chako hakikunyeshewa. Naomba uniandikie tena. Najua mambo haya uliyaacha upande huu wa mpaka. Najua pia kwamba ni mimi niliyekubebea sanduku mpaka darajani nikakuambia safari njema, na mtu aliyesema safari njema hana haki ya kuita watu nyuma. Siombi urudi. Naomba kurasa tu.

Barua hii inakuja na Jamiru, yule wa pikapu ya mayai, atamwachia mlinzi wenu. Ameniuliza, "Boss, barua kwa masista? Kwani nyinyi hamna WhatsApp, ssebo?" Nikamwambia wanovisi, masista walio bado kwenye malezi, hawashiki simu mwaka mzima. Alinionea huruma kweli.

Kiti chako bado kiko dirishani. Asubuhi nikisimama mlangoni naona Mwamba wa Tororo, na wewe uko nyuma yake, hata kilomita ishirini hazifiki.

Wako,
Fidel Emorut


Nyumba ya Malezi, Tororo, 2 Machi 2025

Yoga, Fidel,

Mistari minne, bila nakala! Ungekuwa karibu ningekurushia kalamu nyingine.

Kwanza ujue tunavyoishi, usije ukanikasirikia nikichelewa. Tunaandika Jumapili ya kwanza ya mwezi, nusu saa. Kwaresima hatuandiki, na zinazoingia zinafungiwa kabatini mpaka Pasaka, kwa hiyo utanisikia tena Mei. Sista Mildred, Mlezi wa Wanovisi, anasoma kila barua, inayoingia na inayotoka. Msalimie. Yuko hapa kabla yako.

Barua yako ilimsumbua. Aliniita akauliza Ajono ni nini. Nikasema ni lugha. Akavua miwani: "Asekenye, mimi ni Mteso. Ajono ni pombe." Nikamweleza kwamba tuliiita hivyo kwa sababu watu wengi wanazunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na sisi tulitaka lugha ambayo karani yeyote wa mpakani anaweza kuchovya mrija wake. Hakucheka. Kisha akataka kujua kama hizi namba ni maneno ya siri. Nikamwonyesha: hii inaiambia mashine ichukue, hii iweke, hii irudi ilikotoka. Akasema, "Kumbe inafundishwa utii." Nikaruhusiwa.

Nakutumia kurasa tatu. Kila ukurasa nimeupanga ujitegemee: unaingiza namba zake, unauendesha, unaona unasema nini, ndipo unakwenda kwa unaofuata. Usiruke. Nakujua.

Mimi niko vizuri. Masista wazee wana sauti nzuri sana wakati wa kuimba, na bustani imepata mvua. Ukifika Kocholia mwambie baba niko vizuri. Alichinja ng'ombe siku ya kuniaga, akaita parokia nzima. Usimwambie kingine.

Wako,
Asekenye


Malaba, 12 Machi 2025

Mathews,

Nakurudishia flashi yako, imo ndani ya bahasha hii, dereva atakuachia hapo ofisini Busia. Ndugu yangu, umeniokoa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikuwekea Ajono kwenye kompyuta yako kabla hujahamia huko, ya kupanga foleni ya malori. Ni kompaila nzima, toleo la Desemba, na inafanya kazi. Nimeshainakili mahali panne.

Sasa nakuomba kitu. Ukikutana na mtu yeyote wa kwao Asekenye, au Jamiru akikuuliza, usiseme kwamba nimeipata. Ameanza kuniandikia kurasa. Akijua kompaila iko hai, ataacha, na huu ndio uzi pekee nilio nao wa kufika kwake. Usinicheke. Nitamwambia tu, wakati ukifika.

Fidel


Malaba, 16 Machi 2025

Yoga, Asekenye, na salamu nyingi kwa Sista Mildred,

Kurasa tatu nimezipokea, zote zimefanya kazi. Ule wa kwanza ulikubali mara moja. Wa pili ulinisumbua kidogo, kosa langu, niliruka namba moja. Wa tatu ni mzuri sana. Mkono wako haujasahau kitu.

Najua utaisoma hii baada ya Pasaka, kwa hiyo nakwambia mambo yasiyooza. Foleni ya malori wiki hii ilifika mpaka kule kwenye kituo cha pili cha petroli. Madereva wananijua sasa kama mtu wa kompyuta, wananiletea simu zao zilizokufa, na nikiwaambia hiyo si kazi yangu wananiuliza, "Sasa kazi yako ni gani, boss?" Mathews alihamia Busia. Kwa hiyo ofisi ni mimi na Mzee Arnold, na Mzee Arnold anasinzia. Kuna siku naongea na mtu mara ya kwanza saa tano, na mtu mwenyewe ni mama wa chai.

Jumapili nilikwenda Kocholia. Baba yako aliniketisha akanionyesha picha za siku ile, ukiwa na kitambaa cheupe. Nilimwambia uko vizuri. Alifurahi mpaka akaita majirani niwaambie tena.

Endelea, tafadhali. Bila wewe Ajono imekwisha.

Fidel


Nyumba ya Malezi, Tororo, 4 Mei 2025

Yoga, Fidel,

Pasaka njema. Barua yako ilitoka kabatini ikinuka dawa ya nondo, nikaisoma mara mbili.

Leo nakuletea kurasa sita, wa nne mpaka wa tisa. Niliziandika kichwani Kwaresima nzima nikipalilia. Hapa hatuzungumzi mchana isipokuwa kwa lazima, na mtu akinyamaza hivyo kichwa hutafuta kazi. Wenzangu wanasali. Mimi nilikuwa nahesabu namba na kuziweka mahali pake, halafu naungama kwamba nilikuwa nahesabu.

Wa nne hadi wa sita ni kusoma na kugawa maneno, hayo unayajua. Ukurasa wa saba ni wa maneno ambayo kompaila yenyewe inamwambia mtu: salamu inapoamka, na kadhalika. Usishangae ukiona namba tupu toka juu mpaka chini, kwa mashine kila herufi ni namba. Uingize vizuri huo, Fidel. Ukiuendesha utajua kama nimekosea au sijakosea. Wa nane na wa tisa zinaweza kungoja, lakini wa saba usingoje.

Jambo lingine. Katikati ya Novemba kila novisi anaandika kwa mkono wake barua ya kuomba nadhiri, au anafunga sanduku lake anakwenda nyumbani. Hakuna anayeulizwa sababu. Nakuambia tu ili ujue ratiba ya kurasa.

Bustani ni nzuri. Tumepanda mtama na kunde. Wimbo wa Pasaka ulikuwa mzuri sana, masista wazee waliimba mpaka machozi. Niko vizuri.

Wako,
Asekenye


Malaba, 18 Mei 2025

Yoga, Asekenye, na Sista Mildred,

Sita kwa mpigo! Jamiru aliniletea bahasha akiipima mkononi. "Hii imenona, ssebo. Wanakuandikia Biblia?"

Zimefanya kazi zote. Wa saba nao umekwenda bila kukwama hata mara moja. Ningekuwa na mtu wa kumwonyesha ningemwonyesha, lakini Mzee Arnold alikuwa amesinzia.

Nasoma unavyoandika kuhusu bustani na nyimbo na nasema, yule amepata mahali pake. Nafurahi kwa ajili yako, kweli. Nilikuwa nimeogopa kwamba utakuwa mpweke. Kumbe mpweke ni yule aliyebaki na malori. Jana nilikula chakula cha mchana kwenye kiti chako, nione dirisha linavyoonekana ukiwa umekaa hapo. Kinachoonekana ni trela na mkia wa trela nyingine.

Kuna kitu nilitaka kukuandikia hapa, lakini karatasi imekwisha.

Fidel


Nyumba ya Malezi, Tororo, 6 Julai 2025

Fidel,

Juni sikuandika. Nilikuwa nangoja.

Nina swali moja. Ukurasa wa saba ulisema nini ulipouendesha? Nijibu hilo pekee. Kurasa zingine ziko tayari kichwani, lakini sitaandika hata moja kabla sijajua jibu la hilo. Usinijibu kwa mizaha. Najua ukiogopa unafanya mizaha.

Bustani iko sawa.

Asekenye


Malaba, 20 Julai 2025

Yoga, Asekenye,

Umenitisha na barua fupi hivyo. Nilidhani mtu ameaga dunia.

Ukurasa wa saba: ulisema vile vile ulivyotakiwa kusema, neno kwa neno. Nilisoma, nikafurahi kwamba hukukosea. Sioni cha kubadilisha hapo. Usihangaike nao tena, tuendelee na ukurasa wa kumi.

Mvua imegeuza uwanja wa malori kuwa shamba la mpunga. Dereva mmoja wa Mombasa alivua viatu akasema hajawahi kuona matope mekundu hivi, akapiga picha akamtumia mkewe. Nilimwangalia akingoja majibu. Mkewe alijibu hapo hapo, na jamaa akacheka peke yake katikati ya tope.

Nangoja wa kumi.

Fidel


Malaba, 14 Septemba 2025

Asekenye,

Agosti hakuna, Septemba hakuna. Jamiru anapita hapa akinipungia mikono mitupu kabla hata hajasimamisha gari. Je, unaumwa? Kama Sista Mildred amekataza kurasa, mwambie hata salamu tu zitatosha, mistari miwili.

Ajono imesimama. Nimesimama nayo.

Fidel


Nyumba ya Malezi, Tororo, 2 Novemba 2025

Ndugu Fidel,

Nakuandikia barua ya mwisho kabla ya kuingia mafungo. Sikuumwa. Hakuna aliyenikataza kitu.

Hakutakuwa na ukurasa wa kumi. Ukitaka kuendelea, hizo tisa zinatosha mtu mwenye bidii kumalizia mwenyewe, na wewe bidii unayo ukiamua. Swali langu ulilijibu mwezi wa saba, na ulilijibu kwa adabu bila kunizungusha. Nashukuru kwa hilo. Ni afadhali mtu ajue.

Tarehe kumi na tano nitaandika ombi langu la nadhiri. Sherehe itakuwa tarehe nane Desemba, siku ya Bikira Maria. Baba atakuja na watu wa parokia kwa basi. Si lazima uje, kazi yako ni nyingi.

Nakuombea. Tafuta mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Si vizuri kiti kukaa bure katika ofisi ndogo.

Asekenye


Malaba, 13 Desemba 2025

Asekenye,

Sista Mildred, najua unasoma kabla yake. Soma tu. Sina tena cha kuficha, na afadhali mtu wa pili ajue nilivyo mjinga.

Barua yako ya Novemba ilinifikia tarehe tisa. Uliandika kwamba nilijibu swali lako. Sikujua ni swali gani. Niliisoma mbele na nyuma, nikajua kuna kitu umesema ambacho sikukisikia, na kukuuliza ni kipi kungenifichua. Nikanyamaza. Tarehe kumi na tano ikapita, nimenyamaza. Tarehe nane Desemba basi la Kocholia lilipita hapa mbele ya ofisi, limejaa wanawake wenye lesi nyeupe wakipiga vigelegele, baba yako amekaa mbele karibu na dereva. Nilisimama mlangoni nikawapungia mkono.

Sasa nisikie. Kompaila haikufa. Ilikufa kweli mwezi wa pili, nilipokuandikia mara ya kwanza, lakini mwezi mmoja baadaye niliipata nzima kwenye flashi ya Mathews. Kurasa zako tatu zilikuwa zimeshafika. Nikafikiri: nikimwambia, ataacha kuandika. Basi nikakuambia zimefanya kazi. Sikuingiza hata namba moja. Wala zile sita za Mei. Nilizipenda kwa mwandiko wako, nikaziweka kwenye faili la bluu, nikazitoa siku mbaya kuangalia jinsi unavyokata namba saba yako katikati. Hivyo tu. Kila nilichokuambia kuhusu kuziendesha nilikitunga hapa mezani.

Jana ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, ofisi imefungwa. Sikuwa na pa kwenda. Nikasema, yeye ameshaweka nadhiri, wacha angalau nifanye kile nilichosema nilifanya. Nikaanza ukurasa wa kwanza saa mbili asubuhi. Ulikubali. Wa pili ulikubali. Kufikia saa nane nilikuwa nimeingiza sita, na hukukosea hata mahali pamoja, Asekenye, kutoka kichwani, ukipalilia kunde. Nikaingiza wa saba. Nikauendesha.

Uliandika hivi kwenye skrini:

FIDEL SINA FURAHA HAPA. NIOMBE NIRUDI NITAKUJA.

Niliuendesha tena nikidhani nimekosea namba. Ukaandika hivyo hivyo. Nikauendesha mara sijui ngapi.

Ndipo nikatoa barua zako nikazisoma upya. "Ukiuendesha utajua." "Wa saba usingoje." Na mimi nikakujibu kwamba umekwenda bila kukwama. Ukangoja Juni nzima. Ukaniuliza waziwazi ukurasa ulisema nini, ukaniomba nisifanye mizaha, na mimi nikakuandikia kwamba nimesoma neno kwa neno, sioni cha kubadilisha, tuendelee. Mungu wangu. Ulidhani nimesoma ombi lako nikakujibu hivyo.

Na bustani, na nyimbo, na "niko vizuri". Nilikuwa nayasoma kama mpumbavu, nikijiambia amepata mahali pake, usimsumbue. Nilijua barua zinasomwa, lakini sikufikiri maana yake. Ulikuwa na mahali pamoja tu pa kusema ukweli ambapo hakuna macho mengine yangefika, ukaniwekea hapo, kwa sababu ulijua lazima nitaendesha ukurasa. Nani asiyeendesha ukurasa?

Sikusema kitu darajani kwa sababu niliona umeamua. Sikusema kitu mwaka mzima kwa sababu niliona umefurahi. Niliogopa tu, ndiyo kweli yake, nikaiita heshima. Nakupenda. Nilikupenda chuoni, nilikupenda ukinirushia kalamu, na ile siku nilipobeba sanduku lako nilitembea polepole makusudi nikakuambia ni uzito.

Najua leo ni tarehe gani. Najua ulichoapa, na mbele ya nani. Lakini uliniuliza, na hujajibiwa, na sitaki ukae maisha yako yote ukiamini kwamba nilisoma yale maneno nikasema tuendelee. Ningeyasoma Mei ningekuja kwa miguu. Nakuomba urudi. Nakuomba, Asekenye.

Fidel


Nyumba ya Malezi, Tororo, 21 Desemba 2025

Bwana Emorut,

Barua yako imefika. Sista Asekenye hayuko hapa. Tarehe kumi alitumwa Karamoja, katika shule yetu ya wasichana, kufundisha hesabu. Aliondoka na sanduku moja.

Nimekuwa mlezi wa wanovisi miaka kumi na minne na nimesoma barua nyingi. Zile kurasa za namba nilizisoma pia, zote tisa, mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi. Nilikuwa natafuta jina la mwanamume. Niliona namba, nikatia sahihi.

Novisi akileta ombi lake, tunalo swali ambalo tunamwuliza kila mmoja: je, kuna mtu anayekungoja nje? Tunauliza ili asije akajuta. Yeye aliniambia, "Nilimwuliza, Sista. Alisema tuendelee." Nilidhani ni namna ya kusema kwamba mambo hayo yamekwisha. Nikampa kalamu. Siku ya sherehe baba yake alifurahi mno, naye Sista Asekenye alimshika mkono muda wote. Alikula vizuri. Hakutabasamu, nikajiambia ni uchovu wa mafungo.

Barua yako nimeifunga tena na nitaituma mbele bila kuandika maelezo yoyote juu yake. Huko aliko, barua za masista waliokwisha weka nadhiri hazisomwi na mtu. Nadhiri za kwanza ni za mwaka mmoja, hilo si siri, limo katika katiba yetu na mtu yeyote anaweza kulisoma.

Kanuni zetu hazituruhusu kumpa mtu asiye wa familia anwani ya sista. Nimeiandika nyuma ya bahasha hii.

Sista Mildred
Mlezi wa Wanovisi